Damu ya mzee iliyogeuka waridi: uchambuzi wa oda moja ya vikapu, Mikindani

Oda ilikuwa ya vikapu 60. Duka moja la Dar es Salaam liliitoa mwanzoni mwa Agosti kwa karakana ya ukili, yaani utepe wa majani yaliyosukwa, iliyoko Mikindani, nje kidogo ya Mtwara mjini. Makubaliano yalikuwa vikapu 20 vifike katikati ya Septemba na 40 vilivyobaki vifike tarehe 15 Novemba. Vile 20 vilikwenda, vikapokewa, vikasifiwa. Vile 40 vilifika tarehe 9 Desemba. Kati ya hivyo 11 vilirudishwa, 4 kwa sababu ya kimo na 7 kwa sababu ya rangi. Mwenye karakana naye alikuwa ameanza kusema kwamba kazi imemtoka moyoni, hana wazo jipya tangu Oktoba, na huenda akarudi kuuza vitenge.

Karakana hii ni ya mfano. Tumeiunda kwa mambo yanayowarudia mafundi wa ukili wa pwani ya kusini mwaka hadi mwaka, na hesabu zote za bei na siku zilizomo humu ni zake peke yake. Ina mwenyewe, washonaji wawili, na wasukaji sita wanaosukia majumbani kwao na kulipwa kwa pima, kipimo cha urefu wa ukili. Ukindu, yaani majani ya mkindu, hununuliwa kwa wakataji, huchanwa kuwa chane nyembamba na kutiwa rangi karakanani, kisha chane hizo hugawiwa wasukaji. Ukili ukirudi, unashonwa kwa shazia, ile sindano kubwa, kuwa kikapu, halafu hufuata mishikio na bitana.

Waliomzunguka walimpa ushauri wa kawaida: aangalie picha mtandaoni, aende maonyesho, apumzike wiki moja. Sisi tulianzia kwingine. Tuliomba daftari, tukaomba kuona mahali ukindu unapolala, na tukapima ukili kwa futikamba. Tulivyoona, mama huyu hakuwa amekaukiwa mawazo. Alikuwa anadaiwa pima, na mtu anayedaiwa pima hakai kubuni.

Hesabu ya kikapu kimoja

Kikapu cha oda hii kina kipenyo cha sentimita 30 na kimo cha sentimita 27. Ukili wake una upana wa sentimita 5, lakini mshono hula nusu sentimita, kwa hiyo kila mzunguko unaongeza kimo kwa sentimita 4.5. Ubavu basi ni mizunguko 6. Mzunguko mmoja ni sentimita 94, sita ni kama 565. Kitako kinakula sentimita kama 157. Jumla ni mita 7.2. Weka asilimia 10 ya miisho inayokatwa na sehemu zilizosukwa vibaya, unapata karibu mita 8. Karakana ilikuwa inaandika “pima 5”, na hesabu hiyo ni sahihi ikiwa pima moja ni mita 1.6.

Tatizo ni kwamba pima ni mikono miwili iliyonyooshwa, na mikono haifanani. Msukaji mrefu kuliko wote alikuwa anatoa mita 1.75 kwa pima. Yule mfupi alitoa 1.45. Pima 5 za huyu wa pili ni mita 7.25 tu, pungufu ya sentimita 75 kwa kikapu kimoja, na hizo ni sehemu kubwa ya mzunguko mmoja. Mshonaji akipewa robota hilo anafika juu anakuta ukili umekwisha. Ana njia mbili tu: aache mizunguko 5, kikapu kiwe na sentimita 22.5, au achukue kipande cha robota jingine. Wakati kazi haina haraka alichukua kipande. Novemba, usiku, mzigo ukisubiriwa, aliacha. Ndivyo vikapu 4 vilivyorudi.

Hakuna aliyedanganya hapo. Msukaji alipima kwa mkono wake kama alivyofundishwa na bibi yake, na kwa mkeka wa nyumbani jambo hilo halina madhara, kwa sababu mkeka unashonwa mpaka ukili uishe na ukitoka mfupi kidogo ni mkeka bado. Vikapu 60 vinavyopangwa kwenye rafu moja, kimoja kando ya kingine, vinahukumiwa kwa jicho la mteja.

Rangi

Rangi iliyotakiwa ilikuwa damu ya mzee. Vikapu 20 vya kwanza viliipata barabara, kwa sababu chane zake zilichemshwa kwa maji mapya na unga wa rangi uliofunguliwa siku hiyo. Za mzigo wa pili zilichemshwa kidogo kidogo, kila chane zilipohitajika, na mara nyingi katika maji yaleyale. Maji ya rangi yakitumika mara ya pili yameshapungukiwa, ya tatu yamebaki na kivuli tu. Fundi anaona maji bado mekundu sufuriani, anaamini. Chane zikitoka bado zimelowa zinaonekana nzito, na rangi ya kitu kilicholowa siku zote inadanganya. Zikikauka, ni waridi iliyopauka.

Kulikuwa na sababu nyingine mbili. Ukindu wa mzigo wa pili ulikuwa umekatwa majani yaliyokwisha kufunguka, yakawa ya njano badala ya meupe, na rangi yoyote juu ya njano inafifia. Halafu chane zilianikwa juu ya bati, jua la saa 7 mchana. Ukindu mbichi unalihitaji jua ili uwe mweupe. Chane zenye rangi zinataka kivuli chenye upepo.

Utaratibu uliowekwa sasa ni huu, na tunauandika kirefu kwa sababu hapa ndipo karakana nyingi zinapopoteza pesa bila kujua. Kikapu kimoja kinakula chane za gramu kama 350, na theluthi yake ni ya rangi, gramu 115 hivi. Vikapu 40 vinahitaji basi kilo 4.6, tia kilo 5. Kilo zote 5 zinatiwa rangi siku moja au mbili zinazofuatana, kabla msukaji yeyote hajapewa chane. Sufuria ya lita 20 inachukua kilo moja kwa wakati bila kubanana. Ukijaza zaidi, chane za katikati zinatoka na madoa kwa sababu maji hayakuzifikia. Chane zinalowekwa kwanza katika maji safi nusu saa, zinywe sawasawa. Rangi inakorogwa pembeni katika kikombe cha maji ya moto mpaka chembe zote ziyeyuke, ndipo inamiminwa. Kipimo ni kijiko kilekile, kinachokatwa kwa kisu juu, na kijiko hicho kimefungwa kamba kwenye mfuniko wa kopo ili kisiende jikoni. Maji yanachemka, chane zinaingia, zinageuzwa kila baada ya dakika chache kwa nusu saa, kisha zinasuuzwa mpaka maji yatoke meupe. Kila kilo inapata maji mapya na rangi mpya. Maji yaliyobaki hayamwagwi: yanatia rangi chane za vikapu vidogo vya kuuzia hapa hapa, ambako waridi haina ubaya wowote.

Hata hivyo, kilo tano zilizochemshwa mara tano hazitafanana kabisa. Dawa yake ni ya zamani. Zikishakauka zote, mafungu yanafunguliwa, yanachanganywa, yanafungwa upya, ili kila kikapu kipate chane za kila sufuria. Tofauti ndogo ikitawanyika ndani ya kikapu inakuwa uhai wa rangi; ikikusanyika katika vikapu saba, inakuwa kasoro.

Mikono ilikokwenda

Wengi wangedhani mzigo ulichelewa njiani. Sivyo. Tangu daraja la Mkapa la mto Rufiji lifunguliwe 2003, robota lililofungwa kwenye basi la alfajiri Mtwara linafika Dar siku hiyohiyo. Ucheleweshaji wote ulifanyika Mikindani, na jina lake ni korosho.

Wasukaji sita katika miezi ya kawaida wanatoa pima 3 kila mmoja kwa siku, jumla 18. Vikapu 40 ni pima 200: siku 12 za kazi zinatosha. Mwenye karakana alifanya hesabu hiyo mwezi Agosti, na ilikuwa hesabu sahihi ya mwezi Agosti. Oktoba ilipoingia, wanne kati ya sita walikuwa mashambani wakiokota korosho na kuzitenganisha na mabibo, na wawili waliobaki walikuwa wanatoa pima 2 kila mmoja. Pima 200 kwa 4 kwa siku ni siku 50. Ukitoa Ijumaa, unaangukia mwisho wa Novemba kabla mshonaji hajashona kikapu cha mwisho. Aliongeza malipo kutoka shilingi 500 hadi 800 kwa pima. Pima 120 za mwisho zikamgharimu shilingi 36,000 zaidi, na kasi haikuongezeka, maana korosho ikianguka chini haimsubiri mtu na mnada una tarehe yake.

Faida ya kikapu ilikuwa imepangwa hivi: kusuka 2,500, ukindu na rangi 1,200, kushona 1,500, mishikio na bitana 1,300, usafiri 500. Jumla 7,000, bei ya kuuzia 12,000. Zile 5,000 zinazobaki ndizo kodi, vocha, na riziki ya mwenye kazi. Hakuchukua kianzio, yaani malipo ya awali kutoka kwa mteja. Ndiyo maana ukindu ulinunuliwa kwa mafungu madogomadogo, na fungu la mwisho lilinunuliwa Novemba mvua zimeanza, likafika na unyevu, likawekwa ndani ya mfuko wa salfeti sakafuni. Baada ya wiki mbili theluthi ilikuwa na ukungu mweusi. Ukungu ukiingia kwenye ukindu hautoki kwa kuanika. Doa linabaki na jani linakatika mkononi mwa msukaji.

Mwaka wa kusini unavyokaa unajulikana: mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mei hadi Septemba upepo wa kusi unavuma, hewa ni kavu, mikono ipo. Kinachotakiwa ni kuugeuza mpango wa karakana ufuate mwaka huo. Ukindu wote wa oda za mwisho wa mwaka ununuliwe Juni na Julai, kilo 24 kwa oda kama hii ukiweka na ziada ya uharibifu. Ukili usukwe Julai hadi katikati ya Septemba, uviringishwe na kuhifadhiwa. Oktoba hadi Desemba iwe ya kushona tu, kazi ya watu wawili wanaoishi mjini na wasio na shamba. Ukili mkavu unakaa miezi bila shida ukiwa juu ya chaga, shibiri moja na nusu kutoka sakafuni na mbali kidogo na ukuta, ndani ya gunia la katani linalopumua. Mifuko ya nailoni ina kazi nyingine.

Hilo linataka mtaji wa mapema. Kianzio cha asilimia 50 ndiyo njia ya kwanza, na mteja wa kweli hakikatai akiulizwa vizuri. Ujumbe uliotumika kwa oda iliyofuata ulikuwa mfupi: “Habari za kazi dada. Nimepokea oda yako ya vikapu 40. Ukindu tunanunua mwezi huu kabla ya mvua, kwa hiyo naomba nusu ya malipo sasa, nusu tukishakutumia picha za mzigo uliokamilika. Mzigo utapanda basi tarehe 12. Ahsante sana.” Njia ya pili, kwa walio katika kikundi, ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo mgawo wake ni 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Inafaa kununulia ghala la ukindu. Kuitumia kulipia madeni ya oda iliyochelewa ni kuchimba shimo la pili.

Daftari nalo lilibadilishwa. La zamani liliandika pesa tu: ngapi imeingia, ngapi imetoka. Jipya lina ukurasa mmoja kwa kila oda, na linaanzia mwisho kurudi nyuma. Kufika tarehe 15 Novemba. Basi tarehe 12. Kukagua, kupima kimo cha kila kikapu na kuvipanga vyote mlangoni mchana kuangalia rangi, tarehe 9 na 10. Kushona vikapu 40 kwa washonaji wawili, kikapu kimoja kwa siku kila mmoja, siku 20 za kazi, yaani kuanza kabla ya tarehe 17 Oktoba. Ukili wote uwe juu ya chaga mwisho wa Septemba. Ukiandika hivyo, oda inayotolewa Agosti inakuambia yenyewe kama inawezekana au la, kabla hujaitikia kwenye simu.

Kuhusu hamu

Simu ya mwenye karakana ilikuwa na picha zaidi ya elfu za vikapu vya watu wengine, zimechanganyika na harusi, risiti na watoto. Hakuna hata moja iliyokuwa imemsaidia. Picha ya kikapu cha mtu haikuonyeshi idadi ya chane wala upana wa ukili, na haikuambii rangi ilitoka sufuria ya ngapi.

Kilichotuuma zaidi ni kwamba miaka miwili kabla alikuwa amesuka nakshi yake mwenyewe, miba ya mviringo inayojifunga katikati ya ukili, ikauzika kwa haraka. Hakubaki na kipande. Alipojaribu kuirudia alipata miba isiyofunga, na mpaka leo hajui kama ilikuwa chane 13 au 15. Wazo lilikuwepo, likauzwa lote.

Sasa kila nakshi inabakiza kipande cha shibiri moja. Nyuma yake kinashonewa kitambaa kilichoandikwa kwa kalamu isiyofutika: idadi ya chane, rangi na vijiko, tarehe, na jina la aliyesuka. Vipande vinaning’inia kwenye kamba moja ukutani, mbali na jua. Kamba hiyo ndiyo maktaba ya karakana. Mteja akija, anaoneshwa hiyo, haoneshwi simu.

Ijumaa asubuhi, saa 2 hadi saa 5, kabla watu hawajajiandaa kwenda msikitini, hakuna oda inayoguswa. Kila aliyepo anasuka shibiri mbili za kitu ambacho hakijawahi kusukwa hapo. Masharti ni mawili: chane ni mabaki ya wiki, na hakiuzwi siku hiyo. Sharti la pili lina maana yake. Kitu kikishapangiwa bei, mkono unarudi kwenye kile unachojua kinauzika.

Vya kuangalia vipo karibu. Ukili kwa asili yake unapenda mistari ya mshazari, miba na vitana, na nakshi za namna hiyo Wamakonde walizichanja usoni na kuzichora kwenye vyungu muda mrefu. Milango ya kuchonga ya nyumba za zamani za Mikindani ina pindo ambazo zinahesabika mstari kwa mstari, na pindo la kanga linakupa uwiano wa rangi mbili bila kubahatisha. Mtu achukue kitu kimoja, akihesabu, ajaribu kukisuka. Kitaharibika mara mbili tatu. Nakshi ya mlango iliyopindika haiwezi kuingia kwenye ukili ilivyo; italazimika kuvunjwa iwe ngazi, na mara nyingi ile ngazi ndiyo inayokuwa nzuri.

Majaribio yaliyofika kwenye ile kamba ya ukutani yanashonwa vikapu viwili viwili. Vinawekwa mlangoni kati ya Juni na Oktoba, wageni wanapopita kwenda kuangalia boma la Wajerumani la 1895, na vingine hupelekwa maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya Ngongo, Lindi. Kinachoulizwa bei na watu wengi kinaingia kwenye orodha ya oda. Kisichoulizwa kinabaki kwenye kamba tu, hakitupwi.

Kuhusu pima, karakana imepigilia kamba ya mita 1.6 kwenye fremu ya mlango, ina fundo kila nusu mita, na ukili wote unaoletwa unapimwa hapo mbele ya aliyeuleta. Msukaji mrefu alifurahi siku ya kwanza, kwa sababu aligundua kwamba kwa muda wote alikuwa akitoa sentimita 15 za bure kila pima. Msukaji mfupi, ambaye ndiye mkubwa kwa umri na ndiye aliyewafundisha wawili kati ya wenzake, hakuifurahia hata kidogo: shilingi 500 yake ilidai ghafla ukili mwingi zaidi. Mwenye karakana alimpelekea nyumbani maelezo na shikamoo, bila kumaliza ugomvi. Mwishowe walikubaliana kwamba yeye ndiye atakayekagua nakshi za wengine kila Ijumaa, kwa malipo yake mbali. Ukili wake unapimwa kwa kamba kama wa wote. Yeye bado anaupima kwa mikono kwanza, ndipo anaukabidhi.